Gitaa la ng'ambo ya ziwa kwenye albamu ya pili ya Vampire Weekend: nilimfuata mzee wangu, sasa nina shaka

#1 Mwisho wa Reli (mleta uzi), Kigoma

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Desemba 2011 nilikuwa likizo, kidato cha tano. Pale sokoni Mwanga kulikuwa na kibanda cha kurusha nyimbo: unatoa memori kadi yako na shilingi mia tano, kijana anakujazia. Nilishachoka kujaziwa nyimbo zilezile zinazopigwa kwenye kila daladala, nikamwomba anitafutie kitu cha magitaa ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiulizia. Akanirushia mafolda mawili ya bendi moja ya New York, Vampire Weekend. La kwanza lilikuwa albamu yao ya Januari 2008, yenye jina la bendi yenyewe. La pili lilikuwa Contra, ya Januari 2010. Vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, na mwimbaji wao, Ezra Koenig, alikuwa akifundisha Kiingereza shule moja ya Brooklyn kabla muziki haujamtoa. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba nina nyimbo 21 mpya na sabufa ya nyumbani haina mtu.

Mzee wangu ni fundi wa injini za boti, kazi yake iko Kibirizi. Mchana ule alikuwa uani anasafisha kabureta. Nyimbo tatu za mwanzo zikapita hana habari. Ulipoanza wa nne akanyanyua kichwa.

"Hao Wakongo ni wa bendi gani?"

Nikamwambia si Wakongo, ni Wamarekani. Hakuniamini. Akanawa mikono kwa sabuni, akaingia ndani, akavuta kiti, akakaa mbele ya sabufa kama mtu anayesubiri taarifa ya habari. Wimbo ulipoisha akasema neno moja: "Rudisha."

Wimbo wenyewe unaitwa Cape Cod Kwassa Kwassa. Cape Cod ni pwani ya Massachusetts wanakokwenda kupumzika wenye nazo. Kwassa kwassa, ile dansi ya Kongo, hakuna haja ya kuwaeleza. Aliyekulia Kigoma anajua ng'ambo ya pili ni Kalemie ya Kongo, na mzee anasema miaka ile ya mwisho ya themanini kanda za mwimbaji wa huko, Kanda Bongo Man, zilikuwa zinashuka na boti pamoja na vitenge. Kanda Bongo Man aliikata ile sehemu ya polepole ya rumba, akaliachia gitaa liseme mapema, na mpiga gitaa wake Diblo Dibala akawa analikung'uta solo mpaka watu wanasahau kama kuna mwimbaji. Sikio la mzee lilifundwa hapo. Ndiyo maana alilitambua gitaa akiwa uani, mikono imejaa petroli.

Nikaona nimepata. Jioni hiyohiyo nikaweka Contra. Mzee akasikiliza nyimbo tatu, kisha akasimama.

"Hawa sasa wamehamia kwenye mashine."

Akarudi kwenye kabureta yake. Na mimi nikawa nimehukumu. Kwa miaka zaidi ya kumi, kila mtu akiniuliza kuhusu bendi hii nilikuwa namwambia chukua ya kwanza, ya pili iache.

Wenzetu huko nje hawakuiacha. Wiki ya kwanza Contra iliuza nakala zipatazo 124,000 Marekani, ikakaa namba moja kwenye chati ya Billboard, wakati ya kwanza iliishia namba 17. Na ilitolewa na XL Recordings ya London, kampuni huru, siyo moja ya yale majitu ya muziki. Lakini ugomvi ulikuwepo tangu albamu ya kwanza na ya pili ikauchochea: kwamba hawa ni watoto waliosoma chuo cha gharama, wanavaa vizuri, na wamejichotea gitaa la Afrika. Wenyewe waliwahi kuuita muziki wao "Upper West Side Soweto", yaani mtaa wa New York uliooana na kitongoji cha Johannesburg. Watu wakawalinganisha na Mmarekani Paul Simon na albamu yake ya 1986, Graceland, aliyopiga na wanamuziki wa Afrika Kusini.

Sasa sababu ya uzi. Mwezi uliopita nilikuwa safarini kwa treni kwenda Tabora, simu imebaki na nyimbo za zamani tu, nikaisikiliza Contra yote mara mbili, peke yangu, kwa spika za masikioni. Nikagundua naipenda. Naipenda kuliko ya kwanza. Ile ya kwanza ni nyepesi, imeng'arishwa, kila kitu kinaonekana. Hii ya pili ina vyumba vya ndani. Kuna wimbo wa tisa una dakika sita, unatembea bila haraka, na wa mwisho wa kumi karibu hauna ngoma kabisa, mtu anaimba kama anajisemea.

Lakini kuna kitu kinanisumbua hapohapo. Kwenye albamu ya kwanza walitaja jina. Waliandika "Kwassa Kwassa" juu ya wimbo, mtu yeyote wa Ohio au Liverpool aliyetaka kujua hilo neno linatoka wapi angeuliza na angefika kwa Kanda Bongo Man. Huko kwetu tunaita kupiga hodi. Kwenye Contra gitaa bado lipo, hasa ule wimbo wa nne ambao mwimbaji amepitisha sauti yake kwenye Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti, na chini yake gitaa linakimbia kama la Kinshasa, lakini jina halipo tena mahali popote. Wameshakuwa wenyeji wa nyumba.

Swali langu: bendi changa ikifika albamu ya pili, muziki ukawa bora na hodi ikakoma, msikilizaji wa huku afanye nini? Karibuni.

#2 Lulu ya Bangwe, Kigoma

Mkuu mimi nilikuwa mteja wa kile kibanda! Umenikumbusha mbali sana. Contra sijawahi kuisikia, natafuta leo nirudi kuchangia.

#3 Dagaa Kavu, Dar (mzaliwa wa Ujiji)

Nitasema bila kuzunguka. Unauliza msikilizaji afanye nini, mimi nakuuliza wapiga solo wetu walipata nini. Umemtaja Paul Simon. Angalau yeye alikwenda Johannesburg, akakaa studio na akina Ray Phiri mpiga gitaa, akarekodi pia na kwaya ya Ladysmith Black Mambazo, majina yao yameandikwa kwenye jalada na walilipwa. Hawa wa Columbia gitaa wanapiga wenyewe. Hakuna Mkongo hata mmoja aliyepokea posho.

Na ngoja niongeze jambo ambalo hukulisema. Ile picha ya mbele ya Contra, yule binti wa nywele za manjano mwenye shati la kola, ni picha ya zamani ya polaroidi. Mwaka 2010 mwanamke mwenyewe, ameshakuwa mtu mzima, alifungua kesi Marekani akisema hakuridhia uso wake utumike. Mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama. Bendi ilisema ilipewa haki na mpiga picha, na hilo nalikubali, inawezekana kabisa walidhani mambo yako sawa. Lakini tazama tabia: kitu kizuri kimeonekana, kimechukuliwa, mwenyewe anapatikana baadaye.

Mimi nimemwona mpiga solo mmoja mkubwa wa dansi, mtu ambaye kila harusi ya Dar inacheza nyimbo alizopiga, anapanda daladala na gitaa lake kwenye mfuko wa sandarusi. Sitamtaja. Nikikumbuka ile siku siwezi kusikia gitaa hilohilo linauza nakala laki na ushee kwa wiki moja nikasema "albamu ina vyumba vya ndani".

#4 Solo la Pili, Tabora

Salaam kutoka Isevya. Mimi napiga gitaa, la kanisani na la harusini, kwa hiyo nitaongea upande wa vidole kwanza.

Mleta uzi, mzee wako alisikia vizuri. Kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, gitaa la Kikongo halishiki kodi (nota kadhaa kwa pamoja) nzima nzima. Linachezea sauti mbili mbili za juu, unakwangua karibu kabisa na pale nyuzi zinapofungwa ili mlio uwe mkavu, na amplifaya haina mkwaruzo. Roki ya Kizungu kwa kawaida inataka mkwaruzo, gitaa lilie kama msumeno. Koenig aliacha mkwaruzo. Hilo peke yake lilitosha kumwamsha mzee uani.

Lakini chemko haliishi kwa gitaa moja. Kuna gitaa la ridhimu linazunguka chini, kuna solo juu, na katikati wale wa Kongo wanaweka mi-solo, sisi tunaita solo la pili, linalojaza pale ambapo wenzake wamevuta pumzi. Ukilitoa hilo la katikati, muziki unabaki na matundu. Vampire Weekend wa wakati huo hawakuwa na wapiga gitaa watatu. Walikuwa na Koenig, na walikuwa na Rostam Batmanglij mwenye vinanda, ambaye ndiye alikuwa mtayarishaji wa albamu zote hizo mbili. Sasa sikiliza wimbo wa pili wa Contra. Vile vinanda vinavyodonadona tangu mwanzo mpaka mwisho, usivisikilize kama mashine. Visikilize kama mi-solo. Vinaingia palepale, vinajaza matundu yaleyale. Gitaa la katikati halikufukuzwa, limehamia kwenye kinanda.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi kwamba ni mashine na nadhani alikosea kwamba wameliacha gitaa.

Jambo la pili, hili la albamu ya pili. Bendi zetu hazikuwa na habari ya albamu ya pili. Ulikuwa unakwenda Radio Tanzania, unarekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja, zinapigwa hewani, basi. Santuri ilikuwa na wimbo upande huu na wimbo upande ule. Kitu kilichokuwa kinawatisha wanamuziki kilikuwa mtindo. Tabora Jazz hapa kwetu na Segere Matata. Nyanyembe Jazz na Subisubi. Kabla yao Kiko Kids ya Salum Zahoro, tangu miaka ya hamsini. Mtindo ulikuwa jina la namna yako ya kupiga, na ukiubadilisha umewaambia wapenzi wako waje kukuamua upya. Mwaka 1985 Muhiddin Maalim Gurumo alipotoka Mlimani Park, wale wa mtindo wa Sikinde, na wenzake kwenda Safari Sound, walitangaza mtindo wa Ndekule. Kuna waliowafuata mlangoni siku ya kwanza na kuna waliobaki Sikinde wakasema hawatoki.

Baba yangu mdogo alikuwa wa waliobaki. Mpaka leo Ndekule hataki kuisikia, na si kwamba ni mbaya. Anaona ilimwacha. Ninaposoma ulivyoikataa Contra kwa miaka kumi naona jambo lilelile. Walibadilisha mtindo na hawakukuaga.

#5 Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Solo la Pili, shukrani kaka. Nimeusikiliza wimbo wa pili mara nne tangu asubuhi. Ni kweli. Siwezi tena kuusikia vingine.

Dagaa Kavu, maneno yako nimeyapokea na nimekaa nayo. Kesi ya picha niliijua, nikaogopa kuiweka kwenye uzi kwa sababu inaniharibia albamu. Sasa umeiweka. Lakini nikuulize ndugu yangu kwa heshima: sisi wenyewe tulilipata wapi? Rumba ya Kongo ilikua kwa santuri za Kuba, zile za lebo ya GV zilizoingia Kinshasa miaka ya thelathini na arobaini, na Kuba waliipata kwa watu waliochukuliwa kwa minyororo kutoka hukuhuku. Halafu bendi kama Maquis zikatoka Zaire zikatua Dar, dansi yetu ikanywa kwao. Lake Tanganyika Jazz ya hapa Kigoma ilikuwa inapiga nini kama siyo kile kilichosikika kutoka ng'ambo? Sijasikia Mkongo akija Ujiji kudai posho.

Tofauti ninayoiona, na hapa nakubaliana na wewe, ni pesa na ukubwa wa sauti. Mtu wa Ujiji akimwiga mtu wa Kalemie wote wawili wanarudi nyumbani na samaki mmoja mmoja. Mtu wa New York akiiga, ulimwengu wote unasikia nakala kabla ya asili. Hapo ndipo jina linapokuwa na kazi. Ndiyo maana nang'ang'ania hodi.

#6 Dagaa Kavu

Hapo umesema. Kuhusu Kuba nimekubali, sina jibu.

Ila usinifanye niipende hiyo albamu. Nitaisikiliza, kwa sababu ya hilo la kinanda. Kupenda ni jambo jingine.

#7 Mama Wawili, Kasulu

Kaka zangu mnajadili vizuri, nami niseme la kwangu. Nimekua karibu na Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 vita ya Kongo ilipowasukuma watu wavuke ziwa. Jumapili kwaya za kambini zilikuwa zinasikika mpaka barabarani. Vijana walitengeneza magitaa kwa mbao za masanduku, nyuzi ni waya wa breki ya baiskeli. Mlio ulikuwa mkavu kweli, hivyo anavyosema wa Tabora, bila mkwaruzo kwa sababu amplifaya yenyewe haikuwepo.

Mdogo wangu alinitumia Contra baada ya kuona uzi huu. Sijui Kiingereza cha kufuata mashairi yao, nafuata muziki. Huo wimbo wa saba unaokimbia sana sikuuelewa, ni kama wanafukuzwa. Wa sita umenitoa machozi na siwezi kueleza kwa nini, ni pale tarumbeta zinapoingia. Nilimkumbuka kijana mmoja wa kwaya aliyepiga gitaa la masanduku akapelekwa Marekani na familia yake. Labda yuko huko anausikia muziki huu madukani na anajua ni wa nani.

Sikuwa na swali. Nilitaka tu aingie kwenye uzi.

#8 Solo la Pili

Dada, ameingia. Asante.

#9 Lulu ya Bangwe

Nimerudi. Nimesikiliza zote mbili mfululizo nikipika. Mnisamehe, mimi bado ni wa albamu ya kwanza. Contra inataka ukae chini na mimi sikukaa. Halafu kusema kweli hilo jina lenyewe si la kirafiki: Contra waliitwa waasi wa Nikaragua miaka ya themanini, na ukishaijua hiyo unakaa unatafuta vita humo ndani. Wimbo wa mwisho ndio ulionishika, ule usio na ngoma. Wali uliungua kidogo.

Swali kwa wajuzi: baada ya hapo walikwendaje?

#10 Solo la Pili

Ya tatu ilitoka 2013, nayo ilikwenda namba moja Marekani na ikachukua Grammy ya albamu bora ya upande wa alternativu. Gitaa la Kikongo limebaki kivuli humo, kuna vinanda vya kanisani na mawazo ya kifo. Rostam aliondoka kwenye bendi 2016. Kwa sikio langu ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote, lakini bila Contra wasingefika. Contra ndipo walipojifunza kwamba kitu kinaweza kuhama kutoka chombo kimoja kwenda kingine na kisife.

#11 Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho.

Jana Jumapili nilikwenda nyumbani. Mzee siku hizi haendi Kibirizi kila siku, mgongo unamsumbua, vijana ndio wanafungua injini, yeye anasikiliza tu zinavyonguruma anawaambia kasoro iko wapi. Nikamwambia baba, kuna kitu uliwahi kukikataa, nataka ukisikilize tena. Hakukumbuka. Nikamwekea wimbo wa pili wa Contra, nikamweleza kama Solo la Pili alivyoeleza: usisikilize mashine, sikiliza gitaa la katikati.

Kwa muda hakufanya lolote. Halafu nikaona vidole vya mkono wa kushoto vinagonga ukingo wa kiti. Alikuwa hagongi ngoma, alikuwa anagonga kile kinanda. Amewahi kushika ridhimu ujanani, kwenye bendi ya mtaani isiyorekodi chochote, na mimi nilikuwa sijui. Alinieleza jana, wimbo ukiendelea.

Wa nne ulipofika akacheka, akasema, "Hapa Diblo kapita." Ile sauti ya Auto-Tune hakuipenda na hataipenda. Wa tisa tulisikiliza wote mpaka mwisho bila kuongea, mama akaja kusimama mlangoni na ungo wake. Nikamsomea mzee hoja ya Dagaa Kavu kuhusu posho. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama hao vijana wamewahi kufika Kongo. Nikamwambia sijui. Akasema nilipaswa kulijua jambo hilo kabla ya kuandika yote niliyoandika, na ni haki yake kusema hivyo. Nitalitafuta.

Tulipomaliza aliuliza hao vijana sasa wana umri gani. Nikapiga hesabu, Koenig ni wa 1984, wameshavuka arobaini. Akatikisa kichwa, akasema nimtafutie hiyo ya tatu, ile ya vinanda vya kanisani.

Kibanda cha Mwanga kilishafungwa siku nyingi. Solo la Pili, kama unayo yenye sauti nzuri nijulishe, Jumamosi nitakuwa Tabora nitapita Isevya na memori kadi. Mzee ameniachia sabufa mpaka Jumapili.